Hoteli kongwe za kifahari katikati ya Nairobi: kabla ya yote, uliza habari ya mlango wa kati

Msomaji mmoja wa Mwanza, mhasibu wa kampuni ya samaki, ameniandikia kwa uchungu. Alifikia katika hoteli ya zamani ya nyota tano jijini Nairobi, jina lake nalihifadhi, akijiandaa kwa kikao cha bei asubuhi yake. Usiku akawa anamsikia jirani akiongea na simu: kiasi cha mzigo, tarehe ya malipo, hadi jina la benki. Aliposogeza pazia la ukutani akakuta mlango uliofungwa, na chini yake mstari wa mwanga kutoka chumba cha pili. Hapo ndipo mwili ulipomsisimka, maana jioni ile yeye naye alikuwa amemtajia bosi wake kwa sauti bei ya chini kabisa watakayoikubali.

Malalamiko ya namna hii yananifikia kila mara, na waandishi wa mambo ya hoteli hawayagusi. Watakueleza habari za bwawa, kifungua kinywa na intaneti. Mimi hayo nayaruka, kwa sababu hoteli ya daraja hilo ikikosa intaneti haifai kuzungumzwa kabisa.

Mlango wa kati huunganisha vyumba viwili kwa ndani, ili familia yenye watoto, au waziri na msaidizi wake, wapitiane bila kutoka koridoni. Hoteli kubwa za zamani zina milango mingi ya aina hiyo. Watu husifu kuta zake nene, na ni kweli ukuta mnene hauvujishi maneno. Lakini ukuta ukishatobolewa mlango, unene wake haukusaidii tena. Sauti itapita kwenye upenyo wa chini, pembeni mwa fremu na kwenye tundu la kitasa. Ikiwepo milango miwili iliyopeana mgongo, yenye mpira unaobana pande zote, hali huwa nafuu sana. Tatizo ni kwamba mpira huchakaa, na hoteli inapokarabatiwa fedha huenda kwenye mazulia na mapazia, vitu vinavyoonekana pichani.

Kwa mfanyabiashara hili si suala la usingizi peke yake. Wageni wa mkutano mmoja hupangwa hoteli moja, mara nyingi ghorofa moja, kwa hiyo mnayekwenda kuvutana naye bei kesho anaweza kuwa nyuma ya mlango huo. Ukiingia chumbani, kagua nyuma ya kabati, pazia na kochi. Zima taa zote, inama, tazama chini ya mlango. Ukiona mwanga, rudi mapokezi kabla hujafungua begi, kwa sababu ukishatandaza nguo watakuambia vyumba vimejaa.

Sasa tuje kwenye hoteli zenyewe. Hoteli za kuchagua zimepungua: InterContinental na Hilton, zote za mwaka 1969, zilifungwa, ya kwanza 2020 na ya pili mwishoni mwa 2022, na wateja wao wa miaka wakabaki wakiuliza waende wapi.

Mimi nasema Serena, na sifichi upendeleo wangu. Nairobi Serena ilifunguliwa mwaka 1976, iko kando ya bustani ya Central Park, imejitenga na msongamano wa maduka, na jengo lake ni la ghorofa chache lililozungukwa na miti. Ni ya kundi la Aga Khan, hilohilo lenye Serena za Dar es Salaam, Zanzibar, Kampala na Kigali, na mtu anayesafiri kikazi katika nchi zetu hizi ananufaika kukuta utaratibu uleule kila mji. Kasoro yake ni kwamba kutoka hapo hadi maofisi ya katikati ya jiji unavuka Uhuru Highway. Usiku chukua teksi.

Ya pili ni Sarova Stanley, kwenye pembe ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue. Jina la Stanley limekuwepo Nairobi tangu 1902, na soko la hisa lilipoanzishwa mwaka 1954, biashara yake ilikuwa ikifanyika hapo hotelini. Kama shughuli zako ni za benki na mawakili, hakuna palipo karibu zaidi. Unatembea kwa miguu. Ila uko katikati ya jiji kwelikweli, kwa hiyo omba ghorofa ya juu, upande usiotazama barabara.

Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, naiweka ya tatu. Bustani yake ya ndani inatuliza, nayo iko Harry Thuku Road, jirani na Chuo Kikuu na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, kwa hiyo inamfaa zaidi mwenye shughuli za upande huo. Panafric ya mwaka 1965, nayo ya kampuni ya Sarova yenye Stanley, iko kilimani, na nitaichagua kama vikao vyako viko mtaa wa Upper Hill.

Za bei nafuu zipo Moi Avenue na River Road. Kwa kulala usiku mmoja zinatosha, kwa mazungumzo ya siri hazifai.

Kinachoniudhi ni bei. Mtandaoni unaoneshwa kiasi kwa dola, chenye neno "kuanzia", halafu ukifika mwisho inaongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na tozo ya huduma juu yake. Kwa nini mtu mzima asiambiwe jumla tangu mwanzo? Na kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, ambayo hoteli nyingi za Kenya zinayo lakini mawakala wa mtandaoni hawaitangazi. Mtanzania au Mganda analipa bei ya mtalii kwa kutojua tu. Uliza, na uwe na pasipoti au kitambulisho mkononi.

Ombi la chumba usiliandike kwenye tovuti ya wakala ukaridhika, kwani huko halimfungi mtu yeyote. Piga simu hotelini asubuhi ya siku unayofika, wakati vyumba vinagawiwa, useme: "Naomba chumba kisicho na mlango wa kati, na naomba nambari yake sasa." Wakijibu "tutaangalia," uliza jina la anayeongea nawe, liandike, kisha piga tena saa sita mchana.