TAHADHARI: Kicheza muziki cha "GB 512 chenye FLAC elfu ishirini" ni utapeli wa mara mbili

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, kuna mzigo unazunguka mitandaoni na umeshawaliza watu. Ni kicheza muziki cha mfukoni, kasha la chuma, kioo cha kugusa, kibandiko cha Hi-Res (alama ya sauti ya ubora wa juu) cha rangi ya dhahabu mgongoni. Tangazo lake halibadiliki popote utakapolikuta: memori GB 512, nyimbo elfu ishirini za FLAC (fomati ya sauti inayobana faili bila kupunguza ubora) zimeshajazwa ndani, ubora wa studio, kazi yako ni kuchomeka hedifoni tu. Na bei yake iko chini ya bei ya memori kadi tupu ya ukubwa huohuo. Jiulize, huyo muuzaji anapata wapi faida?

Vifaa vya namna hii vimepita mikononi mwangu zaidi ya kimoja, na waliovileta wote wana kilio kimoja: nyimbo nyingine zinacheza, nyingine hazichezi. Muuzaji simtaji, maana leo ana jina hili na kesho ana duka jingine lenye picha zilezile. Nitaeleza mchezo wenyewe, ili hata akirudi kwa sura mpya mumtambue.

Tuanze na memori, kwa sababu hapo ndipo pesa inapoliwa zaidi. Ndani ya kifaa kuna chipu ya kuhifadhi data, na pembeni yake kuna chipu ndogo inayoisimamia. Ukichomeka kwenye kompyuta, anayejibu swali la "una ukubwa gani?" ni huyo msimamizi, na matapeli wamemfundisha kusema uongo. Memori halisi inaweza kuwa GB 16, yeye anatangaza 512. Kompyuta inamwamini, inanakili faili zote mpaka mwisho, haitoi onyo lolote. Nafasi ya kweli ikishajaa, data inayofuata ama inatupwa, ama inaandikwa juu ya ile iliyotangulia.

Sasa utauliza, mbona majina ya nyimbo zote yanaonekana? Kwa sababu orodha ya majina huhifadhiwa mwanzoni mwa memori, kwenye sehemu ambayo ipo kweli. Kwa hiyo unafungua kifaa, unaona albamu zimepangwa vizuri, msanii kwa msanii, wengine mpaka picha za majalada zinatokea. Unajaribu tatu nne za mwanzo, zinalia safi. Unampa muuzaji nyota tano. Wiki mbili baadaye ndipo unafika kwenye albamu za mbali: jina linatokea, muda unabaki 0:00, kifaa kinaruka kwenda wimbo unaofuata, nao hivyohivyo, unaofuata tena hivyohivyo. Kwenye kimoja nilichokichunguza, nyimbo za msanii mmoja zilikuwa zinatoa sauti ya msanii mwingine kabisa, dalili kwamba data ilizunguka na kuandikwa juu ya nyingine.

Nilifungua faili mojawapo iliyokufa kwa programu inayoonyesha baiti moja baada ya nyingine. Faili ya FLAC ya kweli huanza kwa herufi nne zinazosomeka, fLaC, ndivyo fomati ilivyoundwa. Ile ilikuwa na sifuri kuanzia baiti ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukubwa wake kwenye orodha uliandikwa megabaiti zaidi ya ishirini, na ndani hamna kitu.

Kuna dalili ya haraka kwa wenye Windows. Kampuni huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu kwa mafungu ya 1024, kwa hiyo memori halali ya GB 512 huonekana kama GB 476 hivi. Kikionyesha 512 kamili au zaidi, una kila sababu ya kushuku. Kwenye Mac usitumie kipimo hicho, kwa kuwa Mac inahesabu kama kampuni zinavyohesabu. Hata Windows ikionyesha 476 usitulie bado, matapeli nao wanajifunza.

Kipimo kisichobishaniwa ni kujaza memori yote na kuisoma tena. Programu ya bure ya H2testw inafanya hivyo kwenye Windows, na kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinaandika data maalumu mpaka nafasi iishe, kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kukuambia kiasi gani kimesalimika na kiasi gani kimepotea. Kazi hii inachukua saa nyingi kwenye memori kubwa, iache usiku kucha. Lazima memori iwe tupu kwanza, hivyo kabla ya kufuta chochote piga picha na video ya hali ilivyo. Na fanya mapema, siku kifaa kinapofika, maana muda wa kudai kurudishiwa pesa unaanza kuhesabiwa papo hapo.

Utapeli wa pili umo ndani ya nyimbo zenyewe, na huu hata mwenye memori halali anaweza kuuziwa.

MP3 ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa Fraunhofer, Ujerumani, na jina la faili .mp3 lilichaguliwa mwaka 1995. Inapunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizishiki kirahisi. Kilichotupwa hakirudi. FLAC, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2001, inabana bila kutupa: ukiifungua unapata kila biti iliyokuwa kwenye rekodi uliyoiingiza. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 42. Ukiubana kwa FLAC mara nyingi unashuka kwenye 20 hadi 30. MP3 ya kilobiti 320, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha MP3, inakuwa kama megabaiti 9.6, na ya kilobiti 128 haifiki 4.

Anachofanya tapeli ni kuchukua MP3 za kilobiti 128 alizookota huku na kule, anazipitisha kwenye programu ya kubadilisha fomati, zinatoka FLAC. Faili imenenepa mara kadhaa, sauti ni ileile ya 128. Hakuna programu inayoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa. Wavivu zaidi wanabadilisha tu herufi za mwisho za jina la faili. Hao unawakamata dakika hiyohiyo: ukifungua faili kwa njia niliyoitaja juu, utakuta mara nyingi inaanza kwa ID3 badala ya fLaC, na hiyo ni MP3 kwa jina la kuazima.

Ukimbana muuzaji, atakuletea picha ya programu ikisema faili "imethibitishwa, haina kosa". Msikubali. FLAC hubeba alama ya ukaguzi inayothibitisha kwamba sauti iliyomo ni ileile iliyoingizwa siku faili ilipotengenezwa. Kama iliyoingizwa ni MP3 iliyochakaa, alama itathibitisha kwa uaminifu kabisa kwamba MP3 iliyochakaa imehifadhiwa salama.

Njia ya kuchungulia asili ya wimbo ni spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti yalivyo tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Spek ni programu ya bure, unaburuta faili na kuidondosha tu, na Audacity nayo ina mtazamo huo. Wimbo uliotoka kwenye CD una uwezo wa kufika kilohezi 22.05, nusu ya sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 za kila sekunde. Matoazi na herufi za "s" za mwimbaji hupanda huko juu na kufifia zenyewe, bila mpaka mkali. Wimbo uliopitia MP3 ya 128 mara nyingi unakatika karibu na kilohezi 16, mstari ulionyooka kama uliopigwa rula kutoka sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, na juu yake weusi mtupu. Ya 320 hukatika juu zaidi, karibu na 20, na hapo ni vigumu zaidi kuhukumu kwa macho.

Lakini naomba tusiwahukumu watu kwa picha peke yake. Rekodi za zamani, nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti, na zilizonaswa kutoka redio ya FM hazina masafa ya juu hata zikihifadhiwa kwa uaminifu wote, kwani FM yenyewe haipiti kilohezi 15. Linganisha nyimbo kadhaa za miaka tofauti. Ukikuta albamu za miaka ya karibuni, za studio tofauti na wasanii tofauti, zote zimekatika palepale kwenye 16, hapo huna la kujadili.

Hali ni ileile kwa faili zinazouzwa kama biti 24 na kilohezi 192, yaani ubora unaodaiwa kuipita CD. Kama juu ya kilohezi 22 hakuna chochote, yawezekana sana ni rekodi ya CD iliyonyooshwa ili ilipiwe zaidi.

Nisieleweke vibaya kuhusu MP3. MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri kutoka kwenye CD ni kitu kizuri, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tukifumbwa macho tutashindwa kuitofautisha na FLAC. Hata haki zake za hataza zilishakwisha, mpango wa leseni ukafungwa mwaka 2017, na karibu kila kifaa kinaicheza. Anayekuuzia MP3 akakwambia ni MP3 hajakukosea. Ninayemkemea ni anayekutoza bei ya FLAC kwa kitu cha 128, tena nyimbo zenyewe amezinakili bila ruhusa na wasanii hawapati hata senti. Ukitaka FLAC ya kweli, maduka ya muziki ya mtandaoni kama Bandcamp na Qobuz yanakuuzia faili unayoipakua ikabaki kuwa yako.

Kuna mengine machache ya kuyatazama kwenye tangazo. "MP5" na "MP6" si fomati za sauti, ni majina ya sokoni. MP4 yenyewe si MP3 iliyoboreshwa, ni kasha la faili linalobeba video na sauti, mara nyingi sauti ya AAC, fomati nyingine inayopunguza kama MP3. Kibandiko cha Hi-Res ni alama inayotolewa kwa leseni na Japan Audio Society, lakini kukichapa feki ni kazi ndogo, hivyo tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Anayekuahidi sauti isiyopungua kupitia Bluetooth mwambie ataje kodeki, yaani njia ya kubana sauti inaposafiri hewani: SBC inapunguza, LDAC ya Sony inaishia kilobiti 990 na nayo inapunguza. aptX Lossless ndiyo iliyokusudiwa kutopunguza, ila lazima kifaa na hedifoni vyote viwe nayo.

Na iPod, jamani. Apple ilitangaza mwisho wake Mei 2022, kwa hiyo "iPod mpya toleo la mwaka huu" haipo. iPod classic kubwa kuliko zote kutoka kiwandani ilikuwa GB 160. Za GB 512 zipo, lakini ni zilizofunguliwa na kuwekewa memori kadi na mafundi, na fundi mkweli hukuambia hivyo. Vilevile programu yake ya asili haichezi FLAC, inacheza ALAC, fomati ya Apple yenyewe isiyopunguza sauti. Ikicheza FLAC ujue imewekewa Rockbox, programu mbadala ya bure ya kuendesha vicheza muziki, na muuzaji anayejua kazi yake ataitaja kabla hujauliza.

Kama umeshanunua, jiandae kwa maneno haya, maana yanakuja kwa mpangilio uleule. Kwanza: "Bosi, fomati upya, kitakaa sawa." Kisha kompyuta yako mbovu, kisha waya wako mbovu. Kisha anakutumia picha ya kioo inayoonyesha GB 512, ile namba ambayo ndiyo uongo wenyewe. Ukishikilia, anakupa robo ya pesa ubaki na kifaa. Mwisho anakuomba ufunge malalamiko kwanza ndipo akutumie iliyobaki. Ukifunga, hutamwona tena. Kila anachokwambia kinakusogeza kuelekea siku ambayo muda wa kudai utakuwa umeisha.

Kwa hiyo dai pesa yote, kupitia mfumo uleule uliolipia, ukiambatisha matokeo ya H2testw au F3 na video ya nyimbo zinazoruka. Malipo nje ya mfumo usikubali tangu mwanzo. Usitupe boksi wala waya, huenda ukatakiwa kurudisha kila kitu. Rekodi zako za pekee, sauti za wazee, harusi, kwaya, usiziweke humo hata kwa siku moja. Ikishindikana kurudishiwa, kitengenezee sehemu moja tu ya memori yenye ukubwa ule uliothibitishwa na kipimo, ukitumie kwa MP3, na uandike kwa kalamu mgongoni mwake GB zake halisi ili asije mwingine akauziwa kwa bei ya 512.