Fundi umeme mwenye leseni wa kuunganisha jengo na gridi: uzoefu wangu

Alama nne kati ya tano. Nne ni za vipimo alivyochukua kabla umeme haujawashwa. Moja nimeikata kwa sababu ya kasoro mbili kwenye boksi la breka, nitazitaja chini.

Nianze na leseni, maana hapa ndipo watu wengi huponzwa. Leseni za mafundi umeme huwa na madaraja, na si kila daraja linaruhusu kugusa laini inayotoka nguzoni. Mwenye daraja la kawaida mara nyingi mwisho wake ni upande wa mteja, yaani kuanzia kwenye mita kwenda ndani. Nilikagua daraja, tarehe ya kuisha, na kama namba ipo kwenye orodha ya mamlaka inayotoa leseni. Kisha nikahakikisha jina la kwenye leseni ni la yule atakayeshika vipimo kwa mkono wake. Iko tabia ya mmoja kufunga wairingi na mwingine kuja kutia sahihi fomu bila kufungua hata kifuniko kimoja. Sahihi hiyo haimlindi mtu. Fomu ya ukaguzi ni karatasi ya tarakimu. Ukiona imejaa alama za vema tupu, bila omu wala megaomu (vizio vya kupimia ukinzani), rudisha.

Maombi yenyewe hayana mengi: orodha ya mizigo kwa kilowati, mchoro wa mstari mmoja (ramani rahisi ya njia ya umeme), na mahali pa kuweka mita. Orodha ya mizigo isifanywe kwa kukisia, kwa kuwa ndiyo inayoamua fezi moja au tatu (nyaya ngapi zinazoleta umeme) na unene wa kebo. Hapa fundi alinipigia hesabu mbele yangu. Kutoka kwenye mita hadi boksi la breka ni mita 30, kwa hiyo umeme husafiri mita 60, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 una ukinzani wa takriban omu 0.00308 kwa kila mita. Ukivuta ampea 40, unapoteza karibu volti 7.4, yaani zaidi ya asilimia 3 ya volti 230 kabla hata hujafika kwenye soketi ya kwanza. Kwa waya wa 10 upotevu unashuka hadi volti 4.4 hivi. Na hiyo ni shaba ikiwa baridi. Ikipata joto, ukinzani hupanda. Tukachukua 10.

Ethi, yaani fimbo za chuma zinazopeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo iliyokula muda. Fimbo ya kwanza ya mita 1.5 ilisoma omu 118. RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ingekata hata hapo, ila udongo ukikauka kipimo hupanda, naye alitaka akiba ya kutosha. Akapigilia fimbo ya pili umbali wa mita 3, akaziunga kwa waya wa shaba, ikawa omu 64. Umbali huo una maana: fimbo mbili zikikaribiana kuliko urefu wa fimbo moja, zinagombania udongo uleule na faida inapungua sana. Viunganishi viwe vya kukazwa kwa nati, si waya wa kuzungushia, na viachwe kwenye shimo lenye mfuniko ili vikaguliwe tena.

Kisha mega ya volti 500, kifaa kinachopima kama ganda la waya linavujisha umeme. Kabla ya kuipiga, taa za LED, vifaa vya kielektroniki na kinga ya radi lazima vitolewe. Visipotolewa, ama vinaungua ama vinaharibu kipimo. Kiwango cha chini ni megaomu 1. Sakiti zote zilipita isipokuwa moja ya soketi: kati ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi ilisoma karibu sifuri. Fundi aliitenganisha soketi baada ya soketi hadi akafika penye kosa: skrubu ya kisanduku ilikuwa imetoboa ganda la waya wa nyutro. Kosa hili ni baya kwa sababu breka ya kawaida hukata fezi tu. Hata ukiizima sakiti hiyo, nyutro inabaki imeshikana na ethi, na RCD itakuwa ikianguka (ikikata umeme) kila unapowasha kitu kikubwa katika sakiti nyingine. Bila mega, utabadilisha RCD tatu na bado tatizo liko palepale.

Upande wa nguzo, angalia kiungo cha alumini na shaba. Metali hizi zikigusana moja kwa moja kwenye unyevu, alumini huliwa, kiungo hupata joto na hatimaye huachia. Kikiachia kwenye nyutro ya fezi tatu, baadhi ya soketi zinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Panatakiwa kiunganishi maalumu cha metali mbili chenye grisi yake. Waya nao ushuke kidogo chini ya tundu la kuingilia kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Baada ya kuwashwa alihakikisha fezi na nyutro hazijapishana, akajaribu RCD kwa kifaa: kwa miliampea 15 haikuanguka, kwa 30 ilikata ndani ya milisekunde 24, na ukomo ni 300. Kitufe cha majaribio peke yake hakitoshi, kwani hakipimi muda wala ethi.

Sasa zile kasoro. Tundu la kebo kubwa halikuwa na glandi (kishikio kinachokinga kebo tunduni), ukingo wa bati ukawa unakwaruza ganda la kebo. Na breka hazikuandikwa zinahudumia nini. Glandi aliirudia siku ya pili bila ubishi. Maandishi nimeyaweka mwenyewe, kwa kuzima breka mojamoja.