Siku 26 za kumngoja Rodney ahame: uzoefu wangu na Animal Crossing: New Horizons

Gemu hii ya mashine ya Nintendo Switch ilitoka tarehe 20 Machi 2020, na mengi yameshasemwa juu yake: unapewa kisiwa, unavua samaki, unapanda maua, unamlipa Tom Nook deni la nyumba pole pole. Hayo sitayarudia. Mimi nataka kueleza jambo moja lililonitesa tangu nianze kuicheza hapa Mombasa, nalo ni namna ya kumtoa jirani usiyemtaka. Nilisikiliza uvumi mwingi, nikapoteza siku nyingi, na ningependa mwenzangu asipoteze.

Kisiwa kinachukua wakazi 10, hakizidi hapo. Wanyama wanaoweza kuja kuishi nawe ni zaidi ya 400. Kwa hivyo nyumba moja ikikaliwa na asiyekupendeza, ni mwingine mzuri amekosa pa kukaa. Kwangu mimi alikuwa ni Rodney, hamsta mwenye maringo kupita kiasi, kila sentensi anaimalizia kwa "le ham". Aliingiaje? Ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza pale kambini, wageni wanapopiga hema kisiwani, na huyo wa kwanza huna hiari naye. Usipomkaribisha akae, gemu haisongi mbele. Halafu nikafanya kosa la kumpa kiwanja mbele ya mlango wangu, basi kila asubuhi ndiye wa kwanza kunisabahi.

Uvumi wenyewe ni huu. Mpige kwa wavu wa kukamatia wadudu mpaka achoke. Msukume. Mchimbie mashimo pande zote ashindwe kupita. Mshtaki kwa Isabelle, karani wa kisiwa, pale ofisini. Nilifanya yote, siku tano mfululizo.

Siku ya kumpiga wavu nilikuwa nyumbani Kibokoni, stima imepotea mtaa mzima, nami nacheza kwa betri. Mpwa wangu wa miaka tisa amekaa ubavuni mwangu kama kawaida, maana gemu haina Kiswahili na mimi ndiye mkalimani wake. Pigo la kwanza Rodney alishtuka. La tatu akakasirika waziwazi, uso umemwiva. Mtoto akanishika mkono.

"Mjomba, mbona wampiga? Amekufanya nini?"

Mama alikuwa anachambua mchele kwa mwanga wa simu. Akainua kichwa kuuliza ni nani huyo anayepigwa. Nikamweleza kwamba ni jirani, nataka ahame.

"Amekukosea nini?"

Nilitafuta jibu, sikulipata. Niliuweka wavu, na tangu siku hiyo sijampiga mkazi yeyote tena.

Na nisingepata chochote hata ningeendelea. Kumpiga hakumhamishi, kunapunguza urafiki wenu tu. Mashimo nayo yanakuharibia bustani. Kwa Isabelle ndiko watu wengi wanakodanganyika, kwa sababu kweli kuna mahali pa kutoa malalamiko, basi unadhani ndiyo njia ya kufukuzia. Sivyo. Unaweza kulalamikia mavazi ya mtu au maneno yake, na anachofanya Isabelle ni kumrudishia nguo na msemo aliokuja nao. Hili liliniuma hasa. Wiki chache nyuma Rodney alikuwa ametuomba tumchagulie msemo mpya, na mpwa wangu akamwandikia "yakhe". Ilikuwa raha kumsikia hamsta yule akizungumza kama wazee wa barazani. Malalamiko yangu yakaifuta "yakhe", "le ham" ikarudi, na mtoto hakunisemesha mpaka wakati wa kulala.

Kinachofanya kazi ni kungoja wingu. Siku nyingine utamkuta mkazi anatembea ana wingu la mawazo juu ya kichwa. Msemeshe. Si kila wingu ni la kuhama, mara nyingine anataka tu kukupa jina la utani. Lakini akiwa na nia ya kuondoka atakwambia, naye atangojea rai yako. Ukimwambia abaki, anabaki. Ukimruhusu, kesho utamkuta ndani ya nyumba amezungukwa na makatoni, na kesho kutwa kiwanja ni kitupu. Ubaya wake ni kwamba huchagui wingu limtue nani. Kwangu mimi lilianza kumtua Molly, bata ninayempenda kuliko wote kisiwani. Nikamsihi abaki, kisha nikaanza kungoja upya.

Wapo wanaobadilisha saa ya mashine ili kuruka siku. Inawezekana, nami nilijaribu mara moja. Nilikuta magugu kila pembe, na tanipu nilizonunua Jumapili ili niziuze kwa faida zote zimeoza. Siipendi njia hiyo. Utamu wa gemu hii ni kwamba siku yake ndiyo siku yako. Mwanzoni nilichagua nusu ya kusini ya dunia, maana Mombasa iko kusini ya ikweta, basi mwezi wa saba, huku kwetu kusi ikivuma na bahari imechafuka, kisiwani theluji ilikuwa inaanguka. Mpwa wangu hajawahi kuona theluji. Kila jioni alitaka tutembee tu tuangalie nyayo zetu. Sasa siku kama hizo uzirukie nini?

Mwenye haraka ana njia ya kadi za amiibo, kadi za Nintendo zenye picha ya mnyama ambazo mashine yako inazisoma. Unamwalika mnyama wa kadi yako kupitia kifaa kilicho ndani ya ofisi ya kisiwa, anakuja kambini, anakuomba umtengenezee kitu fulani. Unafanya hivyo kwa siku tatu. Siku ya tatu anakubali kuhamia, na kama kisiwa kimejaa unachagua wewe mwenyewe nani ampishe. Hii ndiyo njia pekee ambayo uamuzi wote ni wako. Mgeni wa kawaida wa kambini pia anaweza kuchukua nafasi ya mtu, lakini jina analitaja yeye. Jihadharini na kadi za kuiga. Niliyouziwa na mtu mmoja mjini haikusomeka hata mara moja, na pesa sikurudishiwa. Baadaye rafiki yangu wa Likoni aliniazima kadi yake halisi, kwa sababu kadi moja inatumika kwenye mashine zaidi ya moja, nikaitumia kwa jirani mwingine. Mkiwa marafiki watatu wanne, changeni kadi.

Gemu naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu haielezi haya popote, inakuachia uvumi. Kwa mengine yote naipenda sana, na inachezeka bila intaneti, jambo ambalo kwetu ni kubwa.

Rodney alipata wingu siku ya 26, baada ya Magharibi. Mama mwenyewe aliuliza, "Huyo mnene ndiye yule?" Nikasema ndiye. Nilimruhusu aende. Kesho yake tuliingia kwake, makatoni yamepangwa mpaka dirishani, akatuaga vizuri, bila kinyongo cha wavu wala mashimo. Mpwa wangu alitaka nimwombe radhi, lakini gemu haina pa kuandika neno kama hilo. Tukamuaga tu, ikawa hivyo.

Tiketi ya maili 2,000 (maili ni pointi za gemu) ya kwenda visiwa vya mbali kutafuta mkazi mpya nilikuwa nayo mfukoni, ila siku iliyofuata sikuitumia. Tulikuwa tunapita mbele ya kiwanja kitupu, Molly akatokea, nikamsemesha. Alituuliza hali ya samaki leo, kisha akamalizia kwa "yakhe". Alikuwa ameuchukua msemo kwa Rodney kabla sijaufuta.

"Mjomba!" mtoto akapiga kelele. "Mjomba, umesikia?"