Fundi wa disketi Kabwe: kasoma vizuri, kachakachua vizuri zaidi

Naandika hii hasira haijaisha, mnivumilie. Kuna fundi kompyuta maeneo ya Kabwe, hapa hapa Mbeya, jina la duka silitaji maana sitaki kesi. Watu wanamsifu kwamba mjini kabaki yeye tu mwenye mashine inayosoma disketi. Sifa hiyo anaistahili. Shida inaanza akishazisoma.

Disketi ni za baba yangu mdogo. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kule Mbozi, enzi zile mkulima anapima kahawa yake, anapewa risiti, halafu malipo yanakuja yakijisikia. Mwalimu mmoja wa hesabu, sasa marehemu, aliwaandikia programu ya risiti kwa Turbo Pascal 7, chombo cha kuandikia programu, ile iliyotoka 1992. Alitoa matoleo matatu, kila moja na disketi yake, na juu kaandika kwa kalamu ya bluu: Toleo 1, Toleo 2, Toleo 3. Kwenye ukoo wetu la kwanza ndilo maarufu. Ilipofika 2000 likaanza kutoa risiti za mwaka 19100, kwa sababu mwalimu aliandika 19 moja kwa moja, halafu pembeni yake akabandika hesabu ya miaka tangu 1900. Makarani wakawa wanakata kwa kalamu na kuandika mwaka sahihi juu. Risiti hizo baba mdogo anazo mpaka leo. Kwenye toleo la tatu mwalimu alikuwa ameshalinyoosha.

Nilichotaka mimi ni yote matatu yahifadhiwe jinsi yalivyo, pamoja na makosa yake. Nikamwambia fundi kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: usirekebishe chochote, nitolee nakala ya kila disketi nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande bila kuruka kitu, uniwekee kwenye flashi. "Haina shida, kaka," akajibu, macho kwenye simu yake.

Nafika nyumbani, nafungua flashi. Nakala zipo tatu kama nilivyoomba. Nafungua Toleo 1, linakuja la tatu. Nafungua Toleo 2, la tatu tena. Halafu kwenye skrini ya mwanzo, pale palipokuwa na jina la mwalimu na la chama, limekaa jina la duka lake na namba ya simu. Namba ya simu jamani! Yaani alizichezea kwanza disketi zenyewe, ndipo akazitolea nakala.

Nikarudi siku hiyo hiyo, sikutaka hata chai.

"Kaka, kwani ulitaka likiwa bovu?"

"Ndiyo, nililitaka likiwa bovu."

Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri kupigiwa Windows wakaangua kicheko. Naye akaanza kunielekeza kama mtoto: programu zote tatu zilikuwa zinagoma kufunguka, zinaandika "Runtime error 200", kwa hiyo akaitibu ile ya tatu, na kwa kuwa ndiyo nzuri, akaona aziweke zote sawa. "Nimekuboreshea, bado unalalamika. Wengine hapa wananishukuru."

Hilo kosa 200 nalifahamu. Programu nyingi za Turbo Pascal 7 zikifunguka hujipima kwanza kasi ya mashine: zinahesabu mizunguko inayopita ndani ya milisekunde 55, kisha zinagawanya. Zilipokuja kompyuta za megahezi 200 na kuendelea, jibu likawa kubwa mno, halienei kwenye biti 16, programu inaanguka hata haijasalimia. Viraka vya kulitibu viko tele, sikatai. Ila kuna njia ambayo haigusi faili hata baiti moja: unaifungulia ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani, unashusha kasi, inaamka yenyewe ikidhani iko kwenye mashine ya zamani. Nilimweleza hivyo. Akaniambia hiyo ni njia ya watu wenye muda.

Nikamuuliza kama alifungua kile kidirisha cha plastiki kwenye kona ya disketi, maana tundu likiwa wazi mashine inakataa kuandika. Akaapa kwamba disketi hajaiandika, "nimesoma tu". Umesoma tu, na namba yako ya simu imo ndani! Na hata asingeacha namba, ushahidi mwingine ulikuwepo. Kwenye sekta ya kwanza kuna nafasi ya herufi nane za jina la mfumo ulioiandaa disketi. Kwenye zetu zote tatu nafasi hiyo sasa inaishia na IHC, na huo ni mtindo wa Windows 95 na 98: ukiitumbukiza disketi ambayo haijakingwa isiandikwe, zinaweka alama yao humo bila kumuuliza mtu. Mashine yake ya disketi ni ya Windows 98. Nilimwonyesha. Akasema herufi tatu haziui.

Unampeleka bibi studio akapigwe picha, unarudishiwa picha ya mjukuu kwa sababu mjukuu ndiye mzuri. Ndicho nilicholipia elfu thelathini.

Mwaka 2012 Jordan Mechner, aliyetengeneza Prince of Persia, alipata kisanduku cha disketi za Apple II, kompyuta ya zamani, ambacho baba yake alikuwa amekikuta nyumbani. Ndani mlikuwa na msimbo wa mchezo wenyewe, uliotoka 1989, ambao ulidhaniwa umepotea. Wakaitwa watu wanaojua kazi, wakazinakili, na msimbo ukawekwa hadharani. Hebu fikiria kisanduku kile kingepitia Kabwe.

Hata hivyo, nisimwonee. Disketi zile zilikuwa zimeota ukungu, baridi na unyevu wa huku mnaujua, na mafundi wengine niliowapelekea walinirudishia bila hata kuzijaribu. Huyu alifungua magamba yake, akasafisha utando kwa spiriti na pamba, taratibu, akausoma. Kazi ile sikuwahi kuona mtu akiifanya kwa mkono mtulivu vile. Na huo ubandikaji wa majina hakuanza yeye. Miaka ya 1980 kule Ulaya, vijana waliokuwa wakivunja kinga za michezo ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya enzi hizo, walikuwa wanatanguliza skrini yenye majina yao na salamu kwa wenzao, na michezo mingi ya enzi ile inazunguka leo ikiwa na skrini hizo. Leo watu wanazihifadhi nazo.

Halafu baba mdogo. Nilimfungulia programu kwenye laptopu, ikawaka, akaingiza jina la mkulima wa uongo na kilo zake, risiti ikatoka. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akauliza 19100 iko wapi. Nikamwambia fundi kaitoa. "Kaitoa kwa ruhusa ya nani?"

Kuna nafuu ndogo. Disketi ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ukiifuta faili, herufi ya kwanza ya jina tu ndiyo hugeuzwa alama, na nafasi huhesabiwa kuwa tupu. Yaliyomo hubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nimechimba nakala ya Toleo 1 nikakuta vipande vya faili la zamani, na kimoja kina jina la mwalimu, kamili. La pili halina hata kipande.

Nilikuwa nimempa nyota moja. Nikakumbuka ile spiriti na pamba, nikapandisha tatu. Sasa hivi nimeifungua tena ile skrini yenye namba yake ya simu, zimerudi mbili, na huenda zikabaki hapo. Ukiwa na programu ya zamani unayotaka ifanye kazi tu, nenda kwake, atakuhudumia. Ukitaka kuhifadhi, fungua kidirisha mwenyewe kabla hujamkabidhi, dai nakala kwanza, halafu kama anataka kurekebisha, arekebishe hiyo nakala.

Baba mdogo ana kisanduku kingine Vwawa, disketi za mizani na za mishahara. Nitampelekea huyo huyo, kwa sababu hakuna mwingine. Ila safari hii vidirisha nitakuwa nimevifungua vyote nikiwa Vwawa, na nitakaa kwenye lile benchi mpaka amalize.