Gari la juu lisilopinduka kirahisi: aina tano zilizopangwa kwa uthabiti

Mnunuzi wa gari la juu, liwe SUV ya familia, gari la safari za porini au pikapu, kwa kawaida huuliza kwanza habari za injini, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa vipuri. Swali la uthabiti huachwa hadi mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa macho tu: gari ni kubwa na zito, basi bila shaka limetulia. Jibu hilo si sahihi. Uzito humlinda abiria gari lake linapogongana na gari dogo, lakini haulizuii gari kupinduka. Kinacholizuia ni uwiano wa upana wake na kimo cha kitovu chake cha uzito, pamoja na mfumo wa kielektroniki unaolirudisha kwenye mwelekeo kabla halijateleza kando. Mwongozo huu unapanga aina tano za magari ya juu kwa kigezo hicho peke yake. Anayetafuta nguvu ya kuvuta tela au nafasi ya mizigo atapata mpangilio tofauti kabisa.

Ni vyema kuelewa kwanza jinsi gari linavyopinduka, kwa sababu wengi hudhani kwamba hutokea dereva anapokata kona kwa kasi kwenye lami kavu. Hilo hutokea, lakini ni nadra. Kwa mujibu wa NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, takriban asilimia 95 ya ajali za kupinduka zinazohusisha gari moja husababishwa na gari kujikwaa: dereva hupoteza mwelekeo, gari huteleza kwa ubavu, kisha matairi hukutana na udongo laini, ukingo wa barabara au mtaro na kusimama ghafla, huku sehemu ya juu ya gari ikiendelea na safari. Kwa hiyo mnunuzi ana maswali mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni jinsi gari linavyoweza kuzuiwa lisiteleze, na la pili ni jinsi litakavyohimili likishateleza.

Swali la pili lina kipimo rahisi. Chukua umbali kati ya katikati ya tairi la kushoto na katikati ya tairi la kulia, kisha ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito kikizidishwa mara mbili. Gari lenye upana wa mita 1.60 na kitovu kilicho mita 0.70 kutoka ardhini hupata 1.14, ilhali gari dogo la saluni lenye upana wa mita 1.50 na kitovu kilicho mita 0.55 hupata takriban 1.36, ingawa ni jembamba zaidi. Magari mengi ya saluni huwa kati ya 1.3 na 1.5, na magari ya juu kati ya 1.0 na 1.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini barabarani ni kubwa sana.

NHTSA ilianza kutoa nyota za hatari ya kupinduka kwa magari ya mwaka wa modeli 2001, na kuanzia modeli za 2004 ikaongeza jaribio la kuendesha ambamo usukani huzungushwa ghafla upande mmoja kisha mwingine. Nyota tano zina maana kwamba, gari likipata ajali ya peke yake, uwezekano wa kupinduka ni asilimia 10 au pungufu; nyota nne ni kati ya 10 na 20; nyota tatu ni kati ya 20 na 30; nyota mbili ni kati ya 30 na 40; na nyota moja ni zaidi ya 40. Zingatia masharti ya kipimo hicho: kinahusu gari ambalo tayari limo ajalini, wala hakisemi lolote juu ya uwezekano wa kuingia katika ajali yenyewe. Nyota hutolewa kwa modeli na mwaka, hivyo usikubali nyota za toleo jipya zitumike kuliuza toleo la zamani lenye jina lilelile.

Swali la kwanza, la kuteleza, hujibiwa na mfumo wa kudhibiti uthabiti. Viwanda vinauita kwa vifupi mbalimbali: ESC, ESP, VSC kwa Toyota, VDC kwa Nissan. Vihisio hulinganisha mahali dereva anapoelekeza usukani na mahali gari linapoelekea kweli, na vikitofautiana, kompyuta hufunga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya mepesi kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Ilipokuwa ikiandaa sharti hilo, NHTSA ilikadiria kwamba mfumo huo ungepunguza ajali za gari moja kwa asilimia 34 kwa magari ya saluni na asilimia 59 kwa SUV. Sijui kifaa kingine chochote, ukiacha mkanda, kinacholinufaisha gari la juu kiasi hicho, na kwa sababu hiyo kila nafasi katika orodha hii, isipokuwa ya mwisho, inadhania kwamba mfumo huo upo na unafanya kazi.

Nafasi ya kwanza ni ya SUV za umeme zenye betri chini ya sakafu. Betri ndiyo sehemu nzito kuliko zote, na kuwekwa kwake chini hukishusha kitovu cha uzito kiasi ambacho hakuna gari la injini la kimo hicho linaweza kufikia. Tesla Model X ya 2017 ilipata nyota tano za kupinduka, daraja ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la magari ya saluni. Jambo la kuangalia ni matairi: magari haya ni mazito, na tairi lisilo na uwezo wa kubeba uzito ulioandikwa na kiwanda halifai hata likiwa jipya.

Nafasi ya pili inachukuliwa na SUV zilizojengwa bila chesisi ya peke yake, yaani zile ambazo bodi na sakafu ni kitu kimoja, kama gari la saluni lililoinuliwa kidogo. Nyingi hupata nyota nne. Sakafu yake iko chini zaidi, kila gurudumu la nyuma kwa kawaida hupanda na kushuka bila kulivuta mwenzake, na usukani hujibu mapema. Kwa mnunuzi ambaye njia zake ni lami na barabara za vumbi za kawaida, hapa ndipo pa kuanzia kutafuta, na naamini wengi wanaonunua gari kubwa zaidi kwa kisingizio cha usalama wangekuwa salama zaidi na hili.

Ya tatu ni magari makubwa yenye chesisi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, yakiwa na upana wa kutosha na mfumo wa kudhibiti uthabiti. Haya yamepanda ngazi kwa sababu ya kielektroniki kuliko kwa sababu ya umbo. Mengi yana ekseli nzima nyuma, ambayo huruka kwenye matuta madogo yaliyofuatana na kulisogeza gari kando. Tena, wenye magari haya ndio hupenda zaidi kuweka keria, na mzigo wa juu ya paa huharibu uwiano uliouona kwenye karatasi. Mafundisho ya jambo hili yalitoka kwenye mabasi madogo ya abiria 15: NHTSA iliwahi kuonya kwamba yakibeba watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali za gari moja kilikuwa takriban mara tatu ya yale yaliyobeba wachache.

Pikapu za milango minne nimeziweka nafasi ya nne. Zikiwa tupu, sehemu ya nyuma ni nyepesi na springi zake za vyuma vya tabaka ni ngumu, hivyo matairi ya nyuma hupoteza mshiko mapema kwenye barabara yenye maji. Zikiwa na mzigo, kila kitu hutegemea mzigo umepangwaje na uko juu kiasi gani. Mwaka 2016 jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, lililifanyia Toyota Hilux jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla, na gari hilo likanyanyua magurudumu ya upande mmoja. Mfumo wa kudhibiti uthabiti ulikuwemo. Kuwepo kwa mfumo peke yake hakutoshi, kwani kila kiwanda huurekebisha kwa namna yake.

Ya mwisho ni magari mafupi na membamba ya miaka ya nyuma yasiyo na mfumo wowote, pamoja na gari lolote lililoinuliwa na fundi. Mjadala juu ya hayo ya kwanza ni wa zamani: mwaka 1988 jarida la Consumer Reports liliipa Suzuki Samurai hukumu ya kutokubalika, na kesi iliyofuata ilichukua miaka mingi. Kuhusu kuinua, rudi kwenye hesabu ya juu: kitovu kikipanda kwa sentimita 5 tu, ile 1.14 hushuka hadi takriban 1.07. Ningependelea SUV ya nafasi ya tatu yenye mfumo kuliko ya nafasi ya pili isiyo nao.

Unapolikagua gari lenyewe, washa swichi na uangalie kama taa ya gari linaloteleza inawaka kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuficha hitilafu. Katika kulijaribu, tafuta mahali papana na patupu, na kwa mwendo mdogo geuza usukani kulia na kushoto: gari linaloendelea kuyumba baada ya usukani kunyooka lina shokomzoba zilizokwisha.

Matairi yanahitaji muda zaidi. Agosti 2000 Firestone ilitangaza kurudisha matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya nyuso zake kubanduka katika mwendo kasi na magari kupinduka. Joto na upepo mdogo vilikuwa sehemu ya mjadala, kwani Ford ilipendekeza psi 26 ilhali Firestone ilitaka 30. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kina cha kashata hakikuambii umri, na tairi la akiba lililokaa miaka mingi bila kutumika huonekana jipya kabisa.

Uliza pia juu ya paa. Sheria ya Marekani iliyopitishwa 2009 inataka paa la gari la hadi kilo 2,722 lihimili mara tatu ya uzito wa gari, lakini magari mazito zaidi, hadi kilo 4,536, yanatakiwa mara moja na nusu tu. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, ilipokuwa ikipima paa, ilitaka mara nne ili kutoa daraja la juu. Mwisho, vuta kila mkanda hadi mwisho, ya safu ya tatu ikiwemo, kwa kuwa katika kupinduka wanaokufa wengi ni wale waliotupwa nje.