Snapseed kwa picha za bandarini: uzoefu wangu

Mimi ni mpiga picha wa simu, na napiga zaidi Mji Mkongwe wa Zanzibar: majahazi yakitoka na kuingia, wavuvi, vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani jua linapokaribia kuzama. Kuhariri nafanyia kwenye Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha. Ni ya bure, haina matangazo, inapatikana kwa Android na iPhone. Naisifu hasa kwa sababu ya aina hii ya picha, ambayo ina tabu zake. Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo jioni jua liko mbele yako. Mbingu inawaka, chombo kiko gizani, na maji yana rangi tatu kwa mpigo. Ukigusa rangi ya picha nzima, utaponya kimoja na kuharibu viwili.

Kifaa ninachokitumia kuliko vyote ni kile cha kurekebisha sehemu moja tu. Unagusa mahali, panatokea kidoti. Unatanua au kubana vidole viwili kuongeza au kupunguza eneo, kisha unapeleka kidole juu au chini kuchagua unachotaka: mwanga, utofauti wa giza na mwanga, ukolezi wa rangi, au umbile, yaani jinsi vitu vidogo kama nyuzi na mishono vinavyojitokeza. Kulia unaongeza, kushoto unapunguza. Uzuri wake ni kwamba hakishiki duara zima kibubusa, bali kinatafuta rangi inayofanana na ile uliyoigusa. Kidoti kikiwa juu ya tanga, mbingu iliyo nyuma inabaki karibu kama ilivyokuwa. Ujuzi huo ulitoka kwa Nik Software, waliotengeneza Snapseed kabla ya Google kuinunua kampuni yao mwaka 2012.

Nina picha ya jahazi linatoka, tanga limejaa upepo, jua liko nyuma yake. Kabla ya kuhaririwa, tanga lilikuwa kipande cheusi tu. Nikalipandisha mwanga lenyewe, nikaongeza umbile kidogo, na mishono ikajitokeza mmoja mmoja. Karibu na foromali, boriti inayoshikilia tanga, kukaonekana kiraka cha kitambaa kilicho kipya kuliko tanga lenyewe, kimeshonwa kwa mkono, ncha moja imekunjika. Tangu hapo kiraka hicho ndicho ninachokitazama kwanza kila nikifungua picha ile.

Kwenye rangi, jihadharini na mizani ya weupe. Kuna alama ya kudondolea rangi: unaigusisha kwenye kitu cheupe, programu inasawazisha picha nzima. Mchana inasaidia sana. Jioni usiiguse kabisa kwenye tanga, maana tanga la saa kumi na mbili jioni si jeupe, ni la dhahabu, na programu itaitoa dhahabu hiyo yote ikuachie picha ya ubaridi kama ya mawingu. Mimi jioni napeleka joto la rangi kwa mkono, taratibu. Na ule ufundi wa kukoleza buluu mpaka bahari ing'ae siukubali. Feruzi ya Zanzibar ni ya mchana, maji yakiwa machache juu ya mchanga mweupe. Jioni bahari ina shaba kwenye migongo ya mawimbi na kijivu katikati, na kijivu hicho ndicho kinachoipa shaba nafasi ya kuonekana.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ukifungua orodha ya hatua ulizofanya, unaweza kurudi kwenye hatua yoyote na kuipaka kwa brashi mahali unapotaka tu. Nimeongeza joto la rangi? Nalipaka mbinguni na kwenye mng'ao wa jua majini, mbao za chombo naziacha na rangi yake.

Tukija kwenye mpangilio, picha nyingi za bandari ninazoziona zimekatwa vibaya kuliko zilivyopakwa rangi vibaya. Chombo kinahitaji maji mbele ya omo, yaani sehemu yake ya mbele. Ukikata picha omo ikagusa ukingo, jahazi linakuwa limegonga ukuta. Kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, unaweza kubana, hakuna ubaya. Kivuli cha mlingoti majini kisikatwe nusu. Ama kiingie chote ama picha iishie juu yake. Upeo wa bahari nauweka kwenye theluthi ya juu au ya chini kwa kufuata mistari ya kukatia, kutegemea kipi kina habari, mbingu au maji.

Na kunyoosha: usiinyooshe picha kwa kufuata mlingoti. Maji yakikupwa vyombo vinalala ubavu juu ya mchanga, na milingoti yote inainama huku na huku. Programu ina kunyoosha kwa kujiendesha yenyewe, lakini mimi naangalia mstari wa bahari, na kama haupo, ukingo wa gati. Picha za kutoka kwenye boti ya Dar zinahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu nyumba za mbele ya bahari huegemea nyuma ukizipiga kutoka chini. Kifaa cha kurekebisha mtazamo kinazisimamisha vizuri, ila acha nafasi pembeni wakati wa kupiga, kwani unaweza kupoteza kingo.

Kifaa cha kufuta vitu nakitumia kwa madoa ya kioo cha kamera na matone ya maji ya chumvi, basi. Mtu au chombo sikifuti. Kichujio kile kinachokoleza kila kitu kidogo kila mahali, mbingu ikawa kama imechorwa kwa mkaa, sikitumii kwa bahari hata kidogo.

Kabla ya kumaliza, shusha mwanga wa skrini hadi nusu uitazame picha tena, hasa kama inakwenda kuchapwa. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, la sivyo mishono ya tanga uliyoihangaikia itayeyuka njiani.