Lori la jeshi lililostaafu kwa njia za Tabora na Kigoma: lipi ununue, na namna ya kulifikisha nyumbani

Mvua zikishaanza Novemba, njia za udongo za Kaliua, Uvinza na Buhigwe huanza kuchagua magari. Fuso lililobeba tumbaku au chumvi hulala topeni siku tatu likisubiri trekta, na hapo ndipo mwenye mzigo anapoanza kuulizia lori la jeshi, lenye tairi za mbele zinazovuta na tumbo lililoinuka juu ya matuta. Wengi huuliza kwanza nguvu ya gari. Mimi naona la kutangulia ni kama injini yake inajulikana kwa mafundi wa Tabora na kama vifaa vyake vinapatikana Kariakoo, na mpangilio wa hapa chini umefuata swali hilo. Mwenye kazi ya lami tupu mwaka mzima hahitaji lori la jeshi. Fuso lake litabeba zaidi na kunywa dizeli kidogo.

Nafasi ya kwanza naipa Leyland DAF ya tani 4, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1990. Usukani wake uko kulia, na injini yake ni Cummins 6BT ya lita 5.9, ambayo ndugu zake wamejaa ndani ya Tata na Dongfeng zinazopita hapa kila siku, hivyo ringi za pistoni, gasketi na pampu ya maji havitafutwi Ulaya. Tairi zake ni za kipimo cha 12.00R20, ambazo wauza tairi za malori wanazijua. Kasoro zake ni mbili. Ekseli ya mbele na giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma havina ndugu mitaani, kwa hiyo sili na beringi zake ziagizwe pamoja na gari, zije ndani ya bodi. Ya pili ni kwamba tani 4 ni tani 4. Aliyezoea kulijaza Fuso hadi springi zinyooke atavunja lori hili msimu wa kwanza, kisha aseme aliuziwa bovu.

Ya pili ni Scania ya jeshi la Uswidi, aina ya SBA111 yenye ekseli mbili au SBAT111 yenye tatu, zote zikivuta kwa magurudumu yote. Injini ya lita 11 ni ya ukoo uleule wa Scania za zamani ambazo mafundi wetu wamezifungua na kuzifunga kwa miaka mingi. Kwa mzigo mzito wa mbao au chumvi ningeipendelea kuliko Leyland, lakini tairi za 14.00-20 ni ghali na hazipatikani kirahisi, na usukani uko kushoto, jambo linalomfanya dereva amtegemee utingo kila anapotaka kulipita gari la mbele. Kabla ya kulipia gari la usukani wa kushoto, ulizia masharti ya usajili wake TRA na kwa trafiki.

Bedford MJ ni ya tatu. Ni gari rahisi, usukani kulia, na wazee wa gereji bado wanaikumbuka kwa mapenzi. Ila General Motors ilijitoa katika malori ya Bedford mwaka 1986, na spea zilizobaki zinazidi kuadimika. Inunue ikiwa tu utapata mbili kwa bei ya moja, ili moja iwe ghala la spea la mwenzake.

Unimog U1300L naiweka ya nne, ingawa matopeni haina mpinzani, kwa kuwa ekseli zake ziko juu ya kitovu cha gurudumu na injini yake, OM352 ya lita 5.7, ni ile ya Mercedes za zamani. Mzigo wake ni kama tani 2 tu, na bei yake hupandishwa na Wazungu wanaozigeuza nyumba za kusafiria. Ya mwisho ni MAN KAT1. Injini yake ya Deutz hupozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchemka, lakini dizeli inayokunywa na spea zake za kuagiza vitammaliza mfanyabiashara wa kawaida. Magari haya mawili ya jeshi la Ujerumani huuzwa kwa zabuni na kampuni ya VEBEG ya Frankfurt.

Kuna pia minada ya hapa nyumbani, inayosimamiwa na Idara ya Usimamizi wa Mali za Serikali ya Wizara ya Fedha. Gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Kwa kawaida mshindi hulipa papo hapo amana ya asilimia 25 na salio ndani ya siku 14, kwa hiyo fedha yote iwe tayari kabla ya nyundo kugonga.

Kilomita chache kwenye dashibodi zisikudanganye. Malori haya huharibika kwa kusimama kuliko kwa kutembea: sili hukauka, breki za upepo huvuja, na tanki la dizeli huota utando mweusi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT kwenye ubavu wa tairi. 2304 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2004, na tairi hiyo, hata iwe na meno mapya kabisa, haifai kwa safari. Ukiwasha taa za lori la Mwingereza zisiwake, usikimbilie kumwita fundi umeme. Huenda swichi iko kwenye taa za msafara wa usiku, ambazo huacha kitaa kimoja tu nyuma kikimulika difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, lililopakwa rangi nyeupe, ili dereva anayefuata aone hicho na adui asione kitu. Zungusha swichi.

Rangi ya jeshi ibadilishwe kabla gari halijatoka yadi. Mwaka 2023 JWTZ iliwataka raia wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi, na sioni kwa nini mtu ajitafutie maswali hayohayo kwa lori zima.

Kuliendesha kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani kunahitaji kadi ya usajili, bima, na dereva mwenye leseni ya daraja E. Hata likiwa tupu litaingia mizani za Vigwaza, Mikese na Nala. Baadaye, utakapoanza kupakia, kumbuka kwamba ekseli yenye tairi nne huruhusiwa tani 10, ilhali lori la jeshi lina tairi moja moja nyuma na kiwango chake ni cha chini zaidi. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye lami kavu ekseli ya mbele ya kuunganisha kwa hiari, kama ya Bedford, isiunganishwe, kwa sababu magurudumu yatashindana na giaboksi ndogo itapasuka.

Kutoka Dodoma napendekeza njia ya Manyoni na Itigi, badala ya kuzunguka Singida na kuteremka Sekenke kwa breki usizozijua. Jaza tanki Itigi, na ubebe filta nne za dizeli, si moja. Sisi tulibeba moja. Kabla ya Chaya injini ilianza kukata pumzi kama mtu mwenye pumu, na tulipofungua filta tulikuta uji mweusi unaonata vidoleni. Tukaipuliza kwa mdomo na kuisuuza kwa dizeli mara tano mpaka Tabora, huku utingo akishika tochi kwa meno.

Anayeendelea Kigoma alaze gari Tabora usiku mmoja. Likishasimama tu, apitishe kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu: kile kinachounguza kuliko wenzake kifunguliwe na kutiwa grisi hapohapo, kwa kuwa baada ya Kaliua gereji ni za kubahatisha.